Baada ya Arosto, Atakaa Wapi?

Barua tatu zilizotufikia mwezi huu zinaulizia jambo moja kutoka pande tatu: mahali pa kuishi mwanamume aliyekwisha kuacha dawa za kulevya au pombe, lakini bado hajawa imara. Tumeona vyema tuzijibu pamoja.

Swali: Mdogo wangu ameacha unga, nimpeleke soba hausi au nimfungie nyumbani?

Mshauri, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 27 na ametumia heroini kwa miaka sita. Wiki mbili zilizopita alikuja mwenyewe kwangu Tandika, akasema amechoka, nikakaa naye ndani kwa ridhaa yake hadi arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikapita. Sasa anakula, analala, na jana alichota maji bila kutumwa. Familia imechanga shilingi 600,000. Ipo soba hausi, nyumba ya kukaa walioacha dawa, nje kidogo ya jiji, inayotaka tuilipe fedha zote hizo kwa mara moja, kwa miezi miwili, na wasimamizi wake wanasema kijana akianza kuhangaika watamfunga mnyororo kwa faida yake mwenyewe. Yeye angependa kuanza methadoni, dawa ya kliniki ya kutibu uraibu wa heroini, lakini nyumba hiyo haipokei mtu anayeinywa. Mama anasema abaki kwangu, nimfungie mlango kila usiku. Nifanye nini?
Dada mtu, Dar es Salaam

Jibu

Marahaba, mwanangu. Kabla ya kuzungumzia nyumba yoyote, lipo jambo lisiloweza kusubiri. Mwili wa mdogo wako ulikuwa umeizoea heroini kwa miaka sita, na sasa mazoea hayo yameondoka. Kipimo alichokuwa akikitumia mwezi uliopita na kuendelea na siku yake, leo kinaweza kumkata pumzi. Hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi hupanda sana katika wiki za kwanza baada ya mtu kutoka gerezani, kutoka hospitalini, au kupita arosto kama hiyo aliyoipita chumbani kwako. Ukimkuta siku moja amelala haamshiki, midomo imebadilika rangi na pumzi zinakuja kwa nadra, mlaze ubavu na umkimbize hospitali, na ukifika useme waziwazi alichotumia. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudishia pumzi, lakini haitamfaa kama atachelewa kufikishwa, au kama ndugu wataona haya na kusema ameanguka tu. Mweleze na yeye habari hii akiwa na akili timamu, kwa upole, bila kumtisha.

Sasa nyumba. Nyumba za aina hii, ambazo serikali yetu huziita nyumba za upataji nafuu na watu wote huziita soba hausi, zipo kwa sababu arosto ni sehemu fupi ya ugonjwa huu. Siku kumi za kutapika, kuharisha na kukosa usingizi zinakwisha. Linalobaki ni ile hamu inayoamshwa na vitu vidogo: noti ya shilingi 10,000 mkononi, mlio wa simu ya rafiki wa zamani, kichochoro kinachoelekea maskani, pale wanapokutana watumiaji. Hamu hiyo huenda na kurudi kwa miezi mingi. Mtu anahitaji mahali ambapo ataipitia akiwa amezungukwa na wenzake wanaoijua, akiamka kwa saa maalumu, akifagia uwanja kwa zamu, akipika kwa zamu, akikaa kikao cha asubuhi kueleza alivyolala na kikao cha jioni kueleza siku ilivyokwenda. Nyingi katika nyumba hizo hufuata hatua 12 zilizotokana na vikundi vya walevi wa pombe vilivyoanza Marekani mwaka 1935 na baadaye, mwaka 1953, vikundi vya waraibu wa dawa za kulevya. Wasimamizi wake mara nyingi ni watu walioacha wenyewe, na hiyo ndiyo nguvu yao kubwa, kwa kuwa kijana hawezi kumdanganya mtu aliyewahi kusema uongo uleule.

Kwa hiyo shauri la mama nalielewa, kwa maana ni la mzazi aliyekwisha kuibiwa sufuria na bado anataka kumwona mwanawe. Lakini mlango uliofungwa usiku hautamfundisha namna ya kupita mchana wa Tandika, na wewe, mwanangu, utakuwa askari magereza wa ndugu yako hadi utachoka. Akibaki kwako abaki kama mtu mzima mwenye ratiba na mahali pa kwenda, na funguo ziwe mezani.

Kuhusu mnyororo, sina maneno mawili: usimpeleke huko. Hakuna tiba ya uraibu inayofanywa kwa mnyororo. Moto ukitokea usiku, aliyefungwa hatoki. Na akifunguliwa baada ya miezi miwili, atakachokuwa amejifunza ni kumchukia aliyemfunga na kumkimbia siku atakapohitaji msaada. Nyumba nzuri huchukua simu ya mkaazi kwa wiki za mwanzo, huzuia wageni kwa muda, humtaka aombe ruhusa kutoka, na yote hayo huyasema kabla hajaingia ili akubali au akatae mwenyewe.

Methadoni ndiyo sehemu ninayotaka uisome mara mbili. Kliniki ya kwanza ya dawa hiyo nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, zikafuata za Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar na mikoa mingine. Dawa ni ya maji, hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na katika kliniki za serikali hutolewa bila malipo. Huondoa arosto na kupunguza hamu bila kumlewesha mtu aliyepangiwa kipimo sawasawa, na humpa nafasi ya kufanya kazi na kulala. Soba hausi nyingi hufuata njia ya kuacha kila kitu, methadoni ikiwemo, na wapo waliopona kwa njia hiyo, siwadharau. Ila kijana wako amekwisha kusema anachokitaka, na kumnyima dawa inayomkinga na kifo ili apate kitanda ni biashara mbaya. Wewe uko Tandika, na kliniki ya Temeke haiko mbali. Nendeni wiki hii, ninyi wawili. Mara nyingi usajili hupitia asasi za kijamii zinazomwandaa mtu kabla ya kuanza, kwa hiyo msivunjike moyo mkiambiwa mrudi siku nyingine. Muelezeni daktari kwamba ana wiki mbili bila kutumia, maana kipimo cha kuanzia hutegemea habari hiyo.

Akishaanza, kaeni mtafute nyumba inayompokea akiwa kwenye dawa, au apange chumba karibu na kliniki akiwa na mwenzake aliye katika matibabu. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inaweza kuwaeleza ni nyumba zipi inazozitambua, na simu yake ya 119 haina malipo. Afisa ustawi wa jamii wa manispaa naye ni mtu wa kuulizwa. Nyumba yoyote mtakayoiendea, fikeni mchana bila kuaga. Tazameni chakula kilicho jikoni, choo, na magodoro mangapi yako katika chumba kimoja. Ombeni kuzungumza na mkaazi mmoja pasipo msimamizi. Ulizeni mgonjwa hupelekwa hospitali gani na nani hulipa, na dawa za wenye virusi vya UKIMWI au kifua kikuu hutunzwa na nani. Swali lililo muhimu kuliko yote, ulizeni hivi: mkaazi akitumia tena, mnamfanyaje usiku huohuo? Wakikujibu kwamba humpiga, ondokeni. Wakikujibu kwamba humfukuza na yeye atajua pa kwenda, ulizeni zaidi.

Fedha zenu msizitoe kwa mkupuo. Katika familia yetu sisi wenyewe tulikosea hivyo. Tulichanga kwa ajili ya mpwa wangu, tukailipa nyumba moja kila kitu kwa mwezi mmoja wa mwanzo, wa gharama kubwa, tukafurahi. Mwezi ulipokwisha hatukuwa na hata nauli ya kumtoa huko, alirudi kwa bibi yake karibu na maskani yaleyale, na hakumaliza wiki tatu. Ningekuwa na 600,000 hiyo leo ningeigawa kwa miezi sita: kodi ya chumba cha watu wawili, nauli ya kliniki ya kila siku, unga wa sembe na maharage, na kiasi cha kumnunulia vifaa vya kazi anayoijua. Miezi sita ya maisha ya kawaida yenye uangalizi mdogo ina faida kuliko miezi miwili ya ulinzi mkali inayoishia mlangoni kwa maskani.

Swali: Tunaweza kuishi pamoja bila mkubwa?

Mshauri mpendwa, sisi ni wanaume wanne wa Kisauni, Mombasa. Tulikutana katika kituo cha kurekebisha waraibu na sote tumemaliza. Aliye na siku chache zaidi ana miezi mitano, mimi nina kumi na mmoja. Mmoja wetu ni bodaboda, mmoja ni seremala, mmoja anauza viazi karai jioni, nami natafuta kibarua. Kila mmoja akirudi kwao anakuta yaleyale. Tumefikiria kupanga nyumba moja na kuishi kwa kanuni zetu, lakini watu wanatuambia waraibu wanne bila mkubwa wa kuwasimamia watarudia unga wote kwa siku moja. Je, ni kweli?
Mkaazi wa Kisauni

Jibu

Ndugu yangu, mlichokifikiria kimekwisha kufanywa, na kimedumu. Mwaka 1975, katika mji wa Silver Spring jimboni Maryland, Marekani, serikali ya wilaya ilitaka kuifunga nyumba ya wanaume wanaoacha pombe kwa sababu ya ukosefu wa fedha. Wakaazi, akiwamo Paul Molloy ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi wao, waliipanga wenyewe nyumba hiyo, wakagawana kodi, wakaiita Oxford House. Leo nyumba za jina hilo ni zaidi ya 3,000. Hakuna msimamizi anayelipwa. Kila nyumba hufanya kikao kila wiki, huchagua mwenyekiti na mtunza hazina kwa muda wa miezi sita tu ili mtu asijenge ufalme, na humpigia kura kila anayeomba kuingia. Asiyepata asilimia 80 ya kura haingii. Kanuni kuu ni tatu: nyumba ijiendeshe kidemokrasia, ijilipie gharama zake yenyewe, na anayetumia tena aondoke.

Nyumba ile ilipokuwa bado chini ya serikali, kila mtu alitakiwa kuondoka baada ya miezi sita, na Molloy aliona kwamba waliotolewa kwa sababu muda wao umekwisha karibu wote walirudi katika ulevi. Kwa hiyo Oxford House haikuweka ukomo wa muda. Mtu hukaa maadamu yu safi na analipa sehemu yake. Naona hekima kubwa hapa, na ningependa vituo vyetu vingi viisikie, kwa kuwa sisi tumezoea kuhesabu siku 90 kana kwamba ubongo unafuata kalenda.

Kuhusu hofu ya watu wenu, ipo hesabu ya kuwajibu. Leonard Jason wa Chuo Kikuu cha DePaul, pamoja na wenzake, waliwafuatilia watu 150 waliotoka katika matibabu huko Illinois. Nusu yao waliingia Oxford House na nusu waliendelea na huduma za kawaida, na aliyeingia upande huu au ule aliamuliwa kwa bahati nasibu. Baada ya miaka miwili, waliokuwa wakitumia upande wa Oxford House walikuwa kiasi cha asilimia 31; upande wa pili walikuwa asilimia 65. Utaona kwamba hata katika nyumba hizo karibu mtu mmoja kati ya watatu alirudi. Lakini hawakurudi wote kwa siku moja.

Sasa tuilete Kisauni. Tuseme mmepata nyumba ya vyumba vitatu kwa shilingi 24,000 za Kenya kwa mwezi. Kwa wanne, kila mmoja atatoa 6,000. Mkipata wengine wawili, 4,000. Mwenye nyumba atataka na diposi, na hapo ndipo wengi hukwama. Wamarekani walikwama vilevile, hadi sheria ya mwaka 1988 ilipozitaka serikali za majimbo kuweka mfuko wa mikopo ya hadi dola 4,000 kwa kila nyumba mpya, ya kurudishwa ndani ya miaka miwili. Mombasa mfuko huo hamna, ila chama cha kuchangishana fedha mnakijua tangu utotoni. Wekeni mchango wa kila siku kwa miezi mitatu kabla ya kupanga, na hiyo yenyewe itawaonyesha ni nani anayeweza kushika ahadi. Mkishaingia endeleeni kukusanya kwa siku au kwa wiki, kwa maana bodaboda na muuza viazi hawapokei mshahara wa mwisho wa mwezi, na fedha nyingi mkononi kwa siku moja ni mtihani ambao hakuna sababu ya kuutafuta. Fedha za nyumba zikae katika akaunti ya kikundi inayohitaji watu wawili kuidhinisha kila anayetoa. Mtunza hazina asome hesabu kwa sauti kila kikao, hata kama hakuna aliyeuliza.

Wewe unayetafuta kibarua, waambie wenzako mapema utalipaje mwezi wa kwanza. Deni la kimyakimya huzaa aibu, na aibu humrudisha mtu kwenye unga haraka kuliko ugomvi.

Kanuni ya kumtoa aliyetumia ndiyo inayouma, na hapa natofautiana kidogo na wanaoisimamia bila kuongeza neno. Lazima atoke usiku huohuo, kwa ajili ya wale watatu waliobaki. Lakini atoke kwenda wapi? Kabla hamjahamia, kila mmoja aandike jina la ndugu au rafiki atakayempokea usiku kama huo, na huyo mtu aulizwe akubali. Andikeni pia lini anaweza kuomba kurudi, kwa mfano baada ya siku 30 safi na kikao cha kupigiwa kura. Na asiondoke peke yake: mmoja wenu amsindikize, kwa sababu usiku ule ndio wa hatari ya kuzidisha dozi. Amueni mapema kuhusu pombe, bangi na mugoka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa. Mkisema nyumba ni safi kwa heroini pekee, mtakuwa mnabishana kila Jumamosi; ushauri wangu ni kuvikataza vyote. Anayekunywa methadoni au dawa nyingine aliyoandikiwa na daktari ahesabiwe kuwa safi, na hilo liandikwe.

Mkiwa kikundi cha kupanga tu, ninyi ni wapangaji kama wengine. Siku mtakapoanza kupokea wagonjwa, kutoza ada na kutoa matibabu, mtakuwa kituo, na vituo vya Kenya husajiliwa na NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya; simu yake ya bure ni 1192. Msijichanganye na jambo hilo mapema. Kaeni wanne, jifunzeni kugombana juu ya vyombo visivyooshwa na bado kuketi kikao pamoja.

Swali: Nimeombwa niwapangishe, majirani hawataki

Bwana Mshauri, assalaam alaykum. Nina nyumba Fuoni, Unguja. Kikundi kinachoendesha soba hausi kimeniomba niwapangishie, wanaume kumi na wawili. Kodi wanayoitaja ni nzuri, na kijana anayewaongoza ananipendeza. Majirani wananiambia nitawaletea wezi mtaani. Sijui nimuogope nani.
Mzee mwenye nyumba

Jibu

Waalaykum salaam, mzee wangu. Zanzibar ina uzoefu wa nyumba hizi kuliko sehemu nyingi za mwambao. Kazi hiyo ilianzishwa na Wazanzibari waliopona wenyewe, ikapata mashirikiano ya watu waliopona kutoka Detroit, Marekani, na nyumba zake zimekuwa katika mitaa ya kawaida, baina ya watu. Hofu ya majirani naiheshimu, kwa sababu wapo walioibiwa kweli. Lakini wamfikirie mwizi wanayemuogopa: ni mtu anayetumia leo na anayetafuta fedha kabla arosto haijamkamata. Mkaazi wa soba hausi anaamshwa alfajiri, anahesabiwa, haruhusiwi kutoka peke yake wiki za mwanzo, na akitumia anaondolewa. Kijana huyohuyo yumo mtaani tayari, bila mtu wa kumhesabu.

Ugomvi huu si wenu peke yenu. Mji wa Edmonds, jimboni Washington, uliwashitaki Oxford House kwa kuweka watu zaidi ya watano wasio na udugu katika nyumba moja ya mtaa wa familia, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1995 ilikataa hoja ya mji kwamba kanuni yake haiguswi na sheria ya kuzuia ubaguzi katika makaazi. Wewe huna haja ya mahakama. Nenda kwa sheha kabla ya kutia saini, ukiwa na yule kijana anayewaongoza, na muombe akuitie majirani wa karibu. Waache waulize wanachotaka, hata maneno makali, na yeye ajibu mwenyewe. Waombeni wateue mzee mmoja atakayeweza kuingia nyumbani humo siku yoyote na kupewa namba ya simu ya msimamizi.

Kisha itazame nyumba yako kwa jicho la mwenye mali. Watu kumi na wawili kwa choo kimoja hawatakaa salama, na karo la choo litajaa kabla ya miezi sita. Ongeza choo cha pili, au uwaambie wawe wanane. Katika mkataba andika idadi hiyo, andika kwamba hakuna atakayefungwa wala kupigwa ndani ya nyumba yako, na andika notisi ya miezi mitatu kwa pande zote mbili, ili siku utakapoihitaji nyumba wasijikute njiani kwa wiki moja. Kodi ipokee mwezi kwa mwezi, kwa stakabadhi, kutoka kwa kikundi na wala usiipokee mkononi mwa mkaazi mmojammoja.